Jogoo wa Mama na Pete ya Shaba

Nakiri sasa, kwa kuwa wote waliohusika wanajua: gari langu lilikuwa linatoa moshi. Nililikataa jambo hili kwa miaka. Nikiwa Same mjini nilisema ni vumbi. Nikiwa napanda Suji, kijijini kwetu mlimani, nilisema ni ukungu, na huko juu mtu anaweza kusema hivyo akaheshimiwa kwa muda, maana asubuhi nyingi ukungu upo kweli. Shida ni kwamba ukungu wa Suji ni mweupe na hauna harufu. Wangu ulikuwa mweusi na ulinuka kama jiko la mafuta ya taa. Siku ninapoondoka nyumbani kwa mama, majirani walikuwa wakianua mashuka yao kabla sijawasha gari, halafu wananipungia mkono kwa upendo.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli, kuukuu, aliyoiacha baba. Baba alikuwa Msabato wa kweli, hakugusa tumbaku maishani mwake. "Gari la baba yenu limeanza kuvuta sigara baada ya mwenyewe kufariki," mama alipenda kusema. "Lilikuwa linamwogopa."

Mimi ni mwanamke niliyesoma hadi chuo kikuu. Nimeandika makala kuhusu ukweli katika jamii, na kuna siku nilialikwa kuuzungumzia ukweli huo mbele ya watu, nikapewa na maji ya chupa. Kuhusu moshi nilikuwa muongo, na ningeendelea hivyo kama si kifua cha mama.

Mama anaishi peke yake kule Suji. Msimu wa baridi wa mwaka jana alipata kichomi, tukamteremsha usiku kwenye gari la jirani akiwa amefungwa blanketi kama mtoto mchanga, na njia nzima hakusema neno. Mama akinyamaza ujue hali ni mbaya. Alipopona nikamwomba kwamba tangu sasa kila baridi inapokaribia awe anashuka kwangu Same, ambako mtu akitetemeka ni kwa homa tu. Alikataa. Nikaomba tena. Alikataa kwa sababu mpya. Mwaka huu nilipoomba, akakubali, na hilo peke yake lilitakiwa kunishtua.

"Nitashuka," alisema kwenye simu. "Lakini kwa gari la baba yenu. Sipandi pikipiki, wala sishuki kwa gari la kukodi kama jeneza. Uje Jumapili hii, nimeshafikiria. Usipofika Jumapili nabaki kwangu, na msiniulize tena mpaka mwakani."

Mpaka mwakani maana yake ni baridi nyingine nzima mlimani, na kile kifua. Nikasema sawa mama, nitakuja. Sikumwambia kwamba safari ya mwisho ya kupanda nyumbani kwake, gari lilizima kwenye kona mbili, na kona ya pili lilianza kurudi nyuma kama mtu aliyebadili mawazo. Injini ilikuwa inagonga, nguvu hakuna, na moshi sasa ulikuwa mweusi kiasi cha kutofanana na ukungu wowote duniani. Nikaenda kumwona shemeji.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Tunapakana uzio. Alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, na amezaliwa Kileo, kwenye tambarare, ambako anasema watu wana akili timamu kwa sababu hawajengi nyumba mahali ambapo chungwa likidondoka linamfikia jirani. Alilizunguka gari mara moja, akaniambia niwashe, akanusa, akaniambia nizime.

"Hii ni dizeli, shemeji. Haiungui yote. Inatoka mbichi."

"Nilidhani ni vumbi," nikasema.

"Ndiyo, na mimi nina nywele."

Ugonjwa ulikuwa nozeli, vile vidude vinavyopuliza dizeli ndani ya injini kwa manyunyu membamba. Vyangu vilikuwa vimezeeka na havikupuliza tena, vilikuwa vinadondosha. Fundi tunayemwamini alikuwa amepanda kwao kwenye msiba, na msiba wa kwetu hauna siku ya kuisha inayojulikana. Fundi tusiyemwamini alikuwepo. Basi shemeji akasema kazi hii tunaweza kuifanya wenyewe nyumbani, kwamba ni kufungua, kutoa, kuweka na kufunga, na akasema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshanunua ovaroli. Tuliagiza nozeli nne kutoka Moshi mjini, zikaja kwa basi kwenye kiboksi cha viatu vya mtoto, kila moja na pete yake mpya ya shaba.

Hiyo pete ndiyo kiini cha habari hii. Mafundi huiita wosha. Ni ndogo kuliko pete ya ndoa, hukaa chini kabisa kwenye tundu la nozeli na kuziba, ili moto wa injini usipenye pembeni. Nozeli ikitolewa, pete ya zamani inatakiwa kutoka nayo, na mpya inawekwa.

Tulianza Ijumaa asubuhi. Mdogo wangu alisimama kwenye kizingiti cha jiko lake akiwa na mwiko, akatusomea sheria.

"Leo ni siku ya maandalio ya Sabato. Jua likizama, spana chini. Sitaki kusikia mambo ya nati moja imebaki."

"Mke wangu, saa nane tutakuwa tumemaliza," shemeji akasema.

"Nimekuambia ya jua. Ya saa nane mtajua wenyewe."

Tulitandaza turubai, tukaegemeza simu juu ya betri, tukafungua video. Fundi wa kwenye video alizungumza lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, lakini shemeji alisema fizikia haina lugha. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutoa maoni. Katikati ya nozeli ya pili nilipigiwa simu na rafiki yangu wa Dar, naye ana gari la dizeli, nikamweleza kwa kirefu jinsi kazi hii inavyofanyika, ni rahisi tu, wanaume hufanya ionekane ngumu. Nozeli ya nne ilikuwa imeshika. Shemeji aliivuta, akaizungusha, akaisemesha, mwisho ikatoka ghafla naye akakaa chini kwenye turubai nayo mkononi, amefurahi kama aliyeng'oa jino la mtu mwingine.

Zile pete za zamani mtu wa kawaida angezitupa. Sisi ni Wapare. Tunasemwa kwamba hatutupi kitu, na huo ni uongo. Tunatupa, ila kwanza tunaweka miaka michache tuone. Shemeji alieleza kwamba shaba ukiichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, kisha ukaichovya kwenye maji, inalainika na kufaa tena. Kwa hiyo alikuwa anaziweka kwenye bakuli la bati pembeni ya turubai, azichome baadaye ziwe akiba. Akiba ya nini, hakusema. Gari letu lilikuwa limeshapata mpya.

Tulifunga nozeli zote, tukatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli kwa kupampu kwa mkono mpaka mkono ukaomba ruhusa, na ilipofika mchana wa kuelekea jioni gari lilikuwa tayari kuwashwa. Shemeji akasema kwanza aweke zile pete kwenye mkaa, maana jiko la mke wake lilikuwa limekolea. Akachukua bakuli. Akalitazama. Akalitikisa.

"Shemeji," akasema polepole, "hapa kuna pete tatu."

Tulitafuta chini ya turubai, chini ya gari, kwenye mifuko ya ovaroli, kwenye pindo la kitenge changu. Na hapo nikakumbuka. Jogoo.

Jogoo huyu mama alinipa akiwa kifaranga, nami nilikuwa nimemlea kwa ajili ya kumkaribishia mama mwenyewe siku ya kushuka kwake. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi, anatembea kama diwani. Mchana kutwa alikuwa akizunguka turubai letu, na nilimwona, kwa macho yangu, akidonoa kitu karibu na bakuli.

"Ameimeza," nikasema.

"Hebu tulia," shemeji akasema. "Ile nozeli ya mwisho ilitoka kwa shida. Inawezekana pete yake ya zamani imebaki chini ya tundu, na mpya tumeikalisha juu yake. Zikiwa mbili haizibi vizuri. Tufungue tuchungulie."

Kufungua kulimaanisha kurudia kazi ya saa nzima, na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa tambarare. Tena mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tochi.

"Ingebaki ningeiona."

"Ungeionaje? Tochi ulikuwa unaimulika radieta, unamfundisha mtu wa Dar."

"Shemeji, jogoo alidonoa. Niliona."

"Alidonoa nini?"

"Kitu kinachong'aa."

"Kila kitu hapa kinang'aa. Hata kipara changu kinang'aa, mbona hajanidonoa?"

Wanaotujua wanasema Mpare akinyimwa chakula atavumilia, lakini usimnyime kesi. Sijui kama ni kweli kwa wote. Najua kwamba katika dakika hizo, na jua linashuka, na gari halijawashwa, na mama anasubiri mlimani, watu wazima wawili wenye shahada tuliacha kazi tukafungua shauri. Mimi nilikuwa upande wa mashtaka. Nilitoa ushahidi wa mazingira: mshtakiwa alikuwepo eneo la tukio, ana historia ya kumeza vitu, na hana maelezo. Shemeji akasimama upande wa utetezi, kitambaa cha grisi begani, akasema ushahidi wa shahidi mmoja mwenye tochi isiyolenga haufai. Mdogo wangu alitoka na mwiko wake kusikiliza.

"Basi hata mumsikilize mshtakiwa," akasema.

Jogoo akawika.

"Anakanusha," shemeji akasema.

"Anakiri," nikasema mimi.

Tungeweza kukesha hapo. Kilichoimaliza kesi ni neno la mdogo wangu, ambaye hakuwa na upande wowote ila alikuwa na saa. "Mimi nasema hivi, dada. Kama ni kuchinja mchinje sasa hivi, nipate kumpika kabla Sabato haijaingia. Kama si kuchinja, rudini kwenye gari."

Nikaona shemeji anafikiri. Kwetu firigisi ni ya mwanaume mkubwa aliyepo nyumbani, na tangu baba atutoke, mwanaume mkubwa aliyepo ni yeye.

"Basi," akasema akijikung'uta mikono, "upande wa utetezi hauna pingamizi."

Firigisi ilifunguliwa juu ya sahani, sote watatu tumeinama kama madaktari. Kulikuwa na mahindi. Kulikuwa na changarawe. Na kulikuwa na kifungo cha kijani cha blauzi yangu, ambacho kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimlaumu fundi cherehani kwa kukishona kizembe. Pete haikuwepo.

Mdogo wangu alirudisha firigisi kwenye sufuria, mimi nikachukua kifungo, shemeji akaenda kuwasha gari. Likawaka mara moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka moshi mweusi haukutoka. Ningefurahi, ila kutoka chini ya boneti kulikuwa na sauti: chu, chu, chu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Shemeji aliweka kiganja juu ya nozeli ya nne, akakiondoa haraka. Moto ulikuwa unapenya pembeni.

"Pete mbili," akasema. "Marehemu hakuwa na hatia."

"Linaweza kupanda hivyo hivyo?"

"Litapanda mpaka mlima unapoanzia."

Akashika spana. Mdogo wangu, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akasema, "Jua." Tukatazama. Lilikuwa limebaki ukingo tu juu ya tambarare, kisha halikubaki. Spana ikawekwa chini. Kutoka nyuma ya jiko nilimsikia mdogo wangu akimpigia mama kumtakia Sabato njema, kama afanyavyo kila Ijumaa, halafu nikasikia anacheka kwa sauti ya kujizuia. Sikutilia maanani. Nilikuwa natazama gari.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu. Tulikwenda kanisani. Shemeji anaimba besi kwenye kwaya, na kila walipofika kwenye pambio niliona macho yake yanatoka dirishani kuelekea nyumbani. Mimi sikusikia hubiri. Nje ya mlango wa kanisa milima ilionekana, au tuseme ilitakiwa kuonekana, maana wingu lilikuwa limeshuka tangu alfajiri likafunika upande wote wa Suji, zito, la kijivu, lile linaloingia ndani ya nyumba na kulowesha chumvi. Nilijua mama amewasha moto na amekaa karibu nao mno. Nilijua kama kesho sitafika hatalalamika. Atasema nilikuambia, atafunga mlango, na neno lake litasimama mpaka mwakani. Anaweka ahadi zake vizuri, hasa zile za kukataa. Na mimi siku moja kabla, nilipopewa nafasi ya kuchungulia tundu, nilichagua kumchinja kuku.

Chakula cha mchana tulimla jogoo. Alikuwa mgumu. Shemeji alikula firigisi akitazama pembeni.

Jua lilipozama, amina ya sala ya kufunga Sabato ilimkuta shemeji mguu mmoja uko ndani ya ovaroli. Safari hii sikutoa maoni. Nilielekeza tochi alipotaka, na aliponiambia "kushoto kidogo" nilikwenda kushoto kidogo. Nozeli ya nne ikatoka, na pete mpya ikatoka nayo, safi. Akachukua spoki ya baiskeli aliyoipinda ncha, akaiingiza tunduni taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Akavua mara ya kwanza, patupu. Mara ya pili, patupu. Mara ya tatu spoki ilitoka na pete ya zamani imening'inia, nyeusi, imevaa masizi. Akaishika mbele ya tochi yangu mpaka nikaitazama vizuri.

Simu yangu ikaita. Mama.

Nilipokea nikiwa na tochi kwapani. Nozeli ilikuwa nje, tundu liko wazi, na sikujua bado kama gari litakubali kuwaka tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sabato imeisha huko?"

"Imeisha, mama."

"Hata huku imeisha. Nimekaa kutwa nzima nikisubiri iishe. Sikutaka kuzungumza habari za jogoo siku ya Bwana."

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa anakagua ndoo.

"Ni kweli mlimfungulia kesi?" mama akauliza.

"Mama, kulikuwa na ushahidi."

"Akakutwa na nini?"

"Kifungo."

Simu ikanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, maana mvua ikinyesha juu huwa unakatika, kisha nikasikia kwamba anacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea, kikavu, kirefu, nami nimeshika simu kwa mikono miwili. Shemeji aliacha spoki akasimama.

"Mama, hicho kifua..."

"Kiache kifua changu. Nisikilize." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa sishuki. Nilisema nitakuja kwa gari la baba yenu kwa sababu nililisikia lilipokuja mara ya mwisho, nikajua halitafika tena huku. Nikasema basi, nimewashinda kwa adabu."

Nikakaa chini kwenye turubai.

"Sasa mdogo wako ananiambia mlikuwa chini ya gari kutwa nzima. Mwalimu mzima wa fizikia, na wewe na vyeti vyako, mkaacha tundu liko mbele yenu mkaenda kupasua kuku. Nimewaza usiku wote. Watu kama nyinyi hawaachwi peke yao msimu mzima."

"Kwa hiyo unashuka?"

"Nimeshafunga mizigo. Kuku wangu nawaacha kwa jirani, sitawaleta huko washtakiwe. Hilo gari limepona?"

Nikamtazama shemeji. Akainua pete nyeusi kwa vidole viwili, kisha mabega.

"Bado tunalifunga, mama," nikasema, na lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwambia kuhusu gari lile. "Sina uhakika kama litafika."

"Njoo nalo hivyo hivyo. Likizima njiani tutakaa humo humo tusubiri watu. Blanketi ninalo."